Kadi ya Langoni

Mwenye bonde alikwisha kufa, na bonde likabaki mikononi mwa wanawe wawili. Mkubwa aliitwa Mrindoko, mdogo aliitwa Kajiru. Mama yao, Nanzia, alikuwa hai bado, miguu mizima, na mdomo mzima zaidi. Katikati ya bonde palikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo linalojazwa na kijito usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, maji yakaenda mashambani. Bonde zima liliishi kwa ndiva hiyo. Ikijaa, watu walikula. Ikivuja, walitazamana.

Ndiva ile haikujengwa kwa mawe. Ilijengwa kwa miguu. Kila baada ya miaka mitatu, kabla ya mvua za vuli, waliikausha, wakatandaza udongo mpya wa mfinyanzi, wakaumwagia maji, kisha wakashuka wote kuukanyaga mpaka ushikane. Ni kazi ya siku moja. Udongo ule ukipigwa na jua kabla haujakanyagwa hupasuka, na ukishapasuka hauna dawa. Ndiyo maana baragumu la msaragambo, ile kazi ya wote, likilia, mtu aliacha hata chungu jikoni. Kipimo chao kilikuwa watu sitini. Wakipungua hapo, jua huwashinda mbio.

Mwaka huo hawakufika sitini. Vijana walikuwa wameondoka mmoja mmoja kwenda mjini, na hakuna aliyeona pengo mpaka lilipokuwa pana. Mama Nanzia alipohesabu vichwa alipata arobaini na kimoja. Wakati huohuo, chini nyikani mvua ilikuwa imegoma misimu miwili, na watu wa nyika walikuwa wakiupanda mlima, familia baada ya familia, wakiomba mahali. Ungedhani jambo limejipanga lenyewe: huku miguu imepungua, kule miguu inakuja. Lakini binadamu, ndugu zangu, akiletewa anachokihitaji na mtu asiyempenda, huanza kutafuta kasoro.

Wakaitisha kikao. Mrindoko akasimama akasema waziwazi, "Mimi watu wa nyika siwataki. Wananuka maziwa, wanaongea kama wanagombana, na tukizubaa watakuwa wengi kuliko sisi."

Watu wakaguna. Wengi wao waliwaza hivyohivyo, ila hawakupenda kuyasikia kwa sauti.

Kajiru akamshika mkono. Huyu alikuwa amesoma mbali, mtu wa maneno ya taratibu. "Kaka, hayo hayasemwi," akasema. "Sisi si watu wa kubagua. Tuseme tu kwamba anayeingia awe anajua kusoma. Msomaji anaelekezeka, anafuata utaratibu. Asiyejua, akajifunze kwanza, kisha aje, tutampokea."

Akapigiwa makofi. Kila aliyepiga makofi alijua kwamba nyikani hakuna shule, na kwamba mtu aliyekimbia kiu hawezi kurudi kwenye kiu ili akajifunze herufi. Lakini neno lilikuwa safi. Halikumtaja mtu. Ungeweza kulisema mbele ya mgeni, mbele ya mtoto, hata kanisani au msikitini, na usione haya. Nami nawaambia, kati ya ndugu wale wawili mkweli alikuwa mwenye neno baya. Mwenye neno zuri ndiye aliyefunga lango.

Si kwamba hawakupingwa. Mzee mmoja alikumbusha kwamba yule tapeli aliyewauzia mbegu zilizooza mwaka juzi alikuwa msomaji hodari, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wakamwambia hilo ni jambo jingine. Mama Nanzia naye akauliza kutoka nyuma, "Kusoma kunakanyaga udongo?" Wakacheka. Akauliza tena, "Na mimi nikienda gulioni Jumatano, nikirudi mtanipima?"

"Ah, mama naye!" akasema Kajiru, na kikao kikaangua kicheko kikubwa zaidi. Mama Nanzia alijifunga khanga yake vizuri. Wale waliomjua wangeliogopa lile fundo.

Kajiru akaiandika sheria kwa mwandiko mzuri. Yeyote atakayefika langoni apewe kadi asome. Asiyeweza, arudi alikotoka. Mwanamume anayesoma ataingia na mkewe, mama yake na watoto wake. Aliandika "yeyote" kwa makusudi, ili jina la watu wa nyika lisionekane popote na sheria ikae safi. Kuhusu mwanamke anayesoma mwenye mume asiyesoma hakuandika kitu. Wala hakuwa na nia mbaya. Halikumpitia tu akilini.

Ikabaki kutafuta maneno ya kuandika kwenye kadi. Pale kwenye mdomo wa ndiva palikuwa na ubao wa mninga wenye maneno ya baba yao. Yalikuwa maneno thelathini na manne, marefu ya kutosha kumkwamisha asiyejua. Kajiru akayanakili kwenye kadi ngumu, na kazi ikaisha.

Hapo naona wengine mmeanza kutabasamu. Mnangoja niwaambie kwamba baba yao mwenyewe hakujua kusoma. La. Alijua sana, na ubao ule aliuandika kwa mkono wake. Mimi nafundisha herufi mwaka wa ishirini na sita sasa, na ninyi mlioketi hapa mmeacha mashamba na maduka kuja kujifunza ukubwani. Siwezi kusimama mbele yenu nikatukana kusoma. Kusoma hakukuwa na kosa lolote katika bonde lile. Tafuteni kosa mahali pengine.

Mtauliza, je, maneno ya baba yao hawakuyajua? Waliyajua mno, ndiyo shida. Siku za kukanyaga waliyafanya wimbo. Mmoja alitoa kipande, wote wakaitikia "Kanyaga!" Mwaka hadi mwaka wimbo ukafupika, kama nyimbo zote za kazi, mpaka yakabaki maneno mawili ya mwanzo na yaliyosalia yakawa mngurumo wa kifuani. Mtu anayekanyaga husikiliza miguu. Maneno yalikuwa ya kushika mwendo tu. Na ubao wenyewe walipita mbele yake kila asubuhi na ndoo, na kitu unachokipita kila asubuhi mwisho hukioni.

Basi Kajiru akaweka meza langoni, akaketi na kadi yake. Miezi miwili watu wa nyika walikuja, wakashika kadi, wakaigeuza, wakairudisha kwa mikono miwili kwa adabu, wakashuka mlima. Waliosoma na kupita walikuwa wanne, wote vijana wasio na familia. Walisoma kwa kutetemeka, silabi kwa silabi, na Kajiru alifuata kwa kidole akingoja wajikwae. Wao wanne walielewa walichokisoma. Hawakusema kitu. Mtu aliyekwisha kuvuka lango huanza kuona lango ni zuri.

Ikafika siku ya kukanyaga. Baragumu likalia alfajiri, udongo ukamwagiwa maji, watu wakashuka. Pamoja na wale wanne walikuwa arobaini na wanne. Walitakiwa sitini. Kajiru mwenyewe hakushuka, kwa sababu lango halikuwa na wa kulilinda. Kwa hiyo tayari sheria ilikuwa imekula miguu miwili. Lango lilikuwa hapohapo juu ya ukingo wa ndiva, njia ya kutoka nyikani ikipita kando yake. Aliyekuwa ndani ya udongo aliweza kumsikia aliyekuwa mezani.

Jua lilipokuwa limepanda kiasi, wakafika mume na mke. Mume aliitwa Mhina, mke aliitwa Mwanaidi, na mtoto wao wa kike alikuwa mgongoni mwa mama yake, midomo imepasuka kwa ukavu. Walikuwa wametembea siku tatu. Ng'ombe wao wa mwisho alikuwa amebaki njiani. Mhina alikuwa mwashi wa visima, mtu wa udongo tangu utotoni. Kabla hata ya kusalimia alitega sikio kwenye kishindo cha miguu ya watu ndani ya ndiva, akamwambia mkewe, na Mrindoko ndani ya udongo akasikia, kwamba wale watu wanachelewa, udongo wao umeshaanza kukaza upande wa mashariki.

"Hamjambo," akasema Kajiru. "Karibuni. Asomaye nani?"

Mhina akaipokea kadi, akaitazama. Hakujifanya. Akaigeuza upande wa nyuma, akaona hauna kitu, akairudisha kwa mikono miwili.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema Kajiru, na alimaanisha. "Ukijifunza, rudi."

Mwanaidi akanyoosha mkono akaichukua kadi. Shangazi yake alikuwa mpishi wa uji katika shule moja mbali na kwao, na yeye alikulia chini ya dirisha la darasa akisugua sufuria. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemkataza. Alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, akaisoma kadi yote mara moja kimyakimya. Kisha akainua kichwa, akamtazama Kajiru kwa mshangao, kama mtu anayehisi anataniwa. Alipoona hataniwi, akasoma kwa sauti. Hakutetemeka. Alisoma taratibu, kila neno akiliachia nafasi yake, kwa sauti ya kufika mbali.

"Maji haya si yangu, niliyakuta. Nilifika hapa na kiu, nikanyweshwa na mtu asiyeniuliza ninatoka wapi. Atakayefika baada yangu apewe kata ya kwanza, kisha apewe mahali pa kukanyaga. Asiulizwe jina kabla hajameza. Mkimfukuza, mmenifukuza mimi."

Ndani ya ndiva miguu ikapungua, ikasimama. Wengine walikuwa wameyaimba maneno yale miaka thelathini, na ndiyo kwanza wanayasikia.

Kajiru alikuwa wa mwisho kuyasikia, kwa sababu kidole chake kilikuwa kikifuata mistari kikitafuta kosa, na hakikupata. "Umesoma vizuri mno," akasema. "Hujakosea hata neno moja. Pita wewe na mtoto." Akamgeukia Mhina. "Wewe, kaka, sheria haikutaji."

Mwanaidi hakupita. Mtoto alikuwa akilia kile kilio kikavu kisicho na machozi, na maji ya kijito yalisikika hatua ishirini kutoka pale. Mhina akamwambia, "Nenda. Mpeleke mtoto akanywe. Mimi nitashuka." Akaanza kumfungulia mkoba begani ili ampunguzie mzigo. Hapo ndipo palikuwa pagumu, msidhani palikuwa pengine. Mwanamke yule aliwekewa maji upande mmoja na mumewe upande wa pili, akaambiwa achague, na aliyemwambia alikuwa mtu mpole anayetabasamu.

Mwanaidi aliiweka kadi mezani. Akawatazama watu waliosimama kwenye udongo, akawauliza kwa heshima kabisa, kama amwulizavyo mtoto mwalimu wake:

"Nimewasomea. Nirudie?"

Kisha watu wakaona mtu mmoja anatoka kwenye udongo, tope mpaka magotini, akipanda ukingo kwa kushika magoti yake. Alikuwa mama Nanzia. Alipita kando ya meza ya mwanawe bila kumtazama, akavuka lango, akasimama nje kando ya Mhina. Kisha akageuka, akaja mezani kama mgeni.

"Hodi," akasema. "Nimefika langoni. Nipime."

"Mama, tafadhali."

"Umeandika nani apimwe?"

Aliyekuwa ameandika "yeyote" ni Kajiru mwenyewe.

"Sijui kusoma," akasema mama Nanzia. "Basi nirudi nilikotoka. Ila kwa umri wangu huu sikumbuki ni wapi."

Kajiru akainuka, jasho linamtoka. "Mama, mimi nasoma, na wewe ni mama yangu. Sheria inaruhusu. Ingia."

"Basi huyu naye anasoma," akasema mama Nanzia, akimwonyesha Mwanaidi, "na yule ni mumewe."

Sikuwaambia kwamba Kajiru alikuwa mtu mbaya, wala sitawaambia. Angekuwa mtu mbaya angejibu haraka. Yeye aliketi, akaivuta karatasi ya sheria, akaanza kuisoma upya tangu juu, akitafuta kifungu. Alipokuwa akitafuta, mtu mwingine akatoka kwenye udongo, mwanamke mnene mwenye shamba la tangawizi, asiyejua herufi hata moja. Akavuka lango akasimama nje. Mumewe akamfuata. Wakafuata wawili, wakafuata watano. Hakuna aliyewaita. Walipanda ukingo mmoja mmoja, tope linawadondoka, wakapita mezani, wakajipanga nyuma ya mama Nanzia kama watu wanaongoja zamu yao. Kila asiyejua kusoma katika bonde lile alikuwa nje.

Wakabaki tisa ndani ya ndiva. Walikuwa wasomaji wote wa bonde ukimwondoa Kajiru, wakiwemo wale wanne waliopita langoni, waliokuwa wakitazama vidole vyao vya miguu. Na Mrindoko alikuwamo, kwa kuwa naye alisoma mpaka darasa la nne. Ndiva iliyokuwa na watu arobaini na wanne sasa ilikuwa kubwa kama uwanja. Jua lilikuwa utosini. Upande wa mashariki, palepale Mhina alipopataja, udongo ukatoa ufa wa kwanza, mwembamba kama unywele. Wote waliuona.

Mrindoko akautazama ufa. Akawatazama watu nje. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na safari hii hasira haikujua imwendee nani. Akapanda ukingo kwa hatua tatu, na watu wakadhani anakwenda kumpiga mtu. Akang'oa mti wa lango, akautupa bondeni. Akachukua kata kwenye mtungi wa wafanyakazi, akaijaza mpaka ikamwagika, akampelekea Mhina.

"Mimi sikuwapenda ninyi," akamwambia. "Na bado sijui kama nawapenda. Kunywa, kisha unionyeshe hapo mashariki panafanywaje."

Mhina hakunywa. Alimpa mtoto kwanza, kisha mkewe, na kilichobaki kikawa chake. Baada ya hapo akavua viatu.

Walikanyaga mpaka jua likazama, na waliokuwa nje ya lango, wa bonde na wa nyika waliokuwa wameketi njiani wakingoja bila matumaini, walishuka wote. Hakuna aliyewahesabu. Ndiva ilishika maji mwaka ule na miaka iliyofuata. Ila ile kona ya mashariki ilikuwa imekwisha kukauka wakati watu wamejipanga langoni, na mpaka leo inavuja. Kila msimu huzibwa, na kila msimu hutoa maji kidogo. Wajukuu wakiuliza kwa nini upande ule hauponi, huambiwa kwamba siku moja palipotea saa nzima watu wakitafuta kifungu.

Kajiru alishuka mwisho. Walimkuta amekunja suruali, kadi bado iko mkononi, hajui aiweke wapi. Mwanaidi akaipokea, akaipeleka kwenye ubao wa mninga, akaichomeka ukingoni. Kisha wakaanza wimbo, na safari hiyo waliuimba wote, mpaka neno la thelathini na nne.

Nimemaliza, na najua mna haraka ya kupokea vyeti vyenu. Miezi tisa iliyopita mlikuwa mkisaini kwa dole gumba, na leo mnasoma gazeti na kubishana nalo. Nimefurahi, nasema kweli, moyo wangu umejaa. Lakini dunia ina malango mengi, na kila lango hutafuta msomaji wa kuliketia. Siku mtakapowekewa meza na kadi, na mbele yenu amesimama mtu mwenye midomo iliyopasuka, mtakuwa mnasikiliza nini: pale anapojikwaa, au kile anachosema?